Mahindi Yaliyooshwa kwa Chokaa

Mama mkwe wangu alitia mkono kwenye gunia la kwanza akautoa haraka, kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

"Yana joto haya," akasema. "Mke mwana, hebu shika."

Nikatia wangu. Ndani kulikuwa na joto la mtu mwenye homa, na punje zilishikana mabonge mabonge. Nilipovunja bonge moja likatoa vumbi la kijani lililonipanda puani. Tukafungua gunia la pili, la tatu, mpaka la kumi na nne. Mawili tu yalikuwa salama, yale tuliyoyaweka juu ya mbao, na hayo ndiyo tuliyotenga kwa kula wenyewe. Mengine kumi na mawili yalilala juu ya sementi tupu, kama tulivyoyapanga kwa mikono yetu siku ile mvua ilipotukimbiza. Hayakuwa yamekauka. Tulijua hayajakauka. Tulisema yatamalizia humo humo ndani, tukafunga mlango tukashukuru.

Hayo kumi na mawili ndiyo yaliyokuwa chakula cha nguruwe mpaka mavuno mengine.

Nguruwe wa mama walikuwa saba. Sita walikuwa vijana wa miezi minne, madume matupu, wamehasiwa, wa kunenepeshwa tu. Wa saba alikuwa mama yao, jike mrefu mweupe mwenye sikio lililochanika, na tulimwita Bosi. Jina alipewa na mama mkwe mwenyewe. Alisema nyumba nzima tumeajiriwa na huyo: akiamka tunaamka, akikohoa tunakimbia, na likizo hatoi. Bosi alikuwa na mimba, amebakiza wiki sita azae. Baba mkwe alipofariki, watoto walimwambia mama auze banda, ahamie kwa binti yake mkubwa, apumzike. Mama akawauliza atapumzika ili afanye nini. Akabaki na jike mmoja, bibi yake Bosi, na tangu hapo kila uzao ulikuwa jibu lake kwao. Ila sasa jibu lote lilikuwa ndani ya tumbo moja. Bosi akizaa salama, mama ana banda. Asipozaa, hakuna jike mwingine, na chumba cha nyuma kwa wifi yangu kilikuwa kimeshapakwa rangi.

Mama alipindua ndoo akaikalia. Alisema tuyachome. Kisha akasema tukiyachoma tutawapa nini, mawe? Kisha akasema pengine tuwape hivyo hivyo, maana nguruwe hula hata viatu.

Mimi nilikuwa nikisoma darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, kwenye shule ya watoto nyuma ya soko. Madawati yalikuwa ya watoto pia, magoti yakitufika kidevuni. Mwalimu wa mifugo tulimwita Miwani kwa kuwa alikuwa na jozi mbili, moja usoni na nyingine utosini, na akizihitaji alizitafuta zote mezani. Wiki ile ile alikuwa ametufundisha sumukuvu. Kuvu unaiona, alisema. Unaweza kuipangusa, ukaiosha, ukaona punje inang'aa. Lakini sumu iliyoachwa na kuvu imo ndani ya punje, haina rangi wala harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Ndipo akasema kuna njia ya kuipunguza makali, akaandika ubaoni neno moja kubwa: chokaa. Nafaka inalowekwa katika maji ya chokaa, inapashwa moto, inasuuzwa, inaanikwa.

Nilimweleza mama yote hayo nikiwa nimesimama mlangoni mwa stoo, mtoto mgongoni, nikijiona nimerefuka.

"Chokaa?" mama akauliza. "Hii ya ukutani?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Basi safari hii tutakula nguruwe waliopigwa plasta." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. Alizoea kuniita Mwalimu akitaka kunitania, hasa ninapochoma mboga nikiwa na daftari mkononi. Sasa akaniita hivyo bila utani. "Una hakika, Mwalimu?"

Nikasema nina hakika. Daftari lilikuwa ndani, kwenye mkoba, juu ya kitanda. Sikwenda kulifungua.

Tulianza kesho yake. Mume wangu ni fundi bomba na alikuwa kwenye jengo mji mwingine, harudi mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo kazi ilikuwa ya wanawake wawili na mtoto wa miezi saba aliyekaa ndani ya beseni akipiga kijiko. Kwanza tulichagua. Mabonge meusi tuliyatoa tukayachoma. Yaliyobaki tulimimina katika pipa lililokatwa katikati, tukatia maji na chokaa, tukawasha moto chini yake, tukakoroga kwa ubao mpaka maganda ya punje yakaanza kubambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Moshi machoni, chokaa vidoleni. Mama alifunga mikono yake kwa mifuko ya nailoni na vipande vya mpira wa baiskeli, akasema anaonekana kama daktari wa upasuaji aliyefilisika. Hata hivyo chokaa ilipita. Siku ya tatu viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwenye kila mstari, naye akaendelea kukoroga.

Tulisuuza, tukaanika juu ya turubai ua mzima, tukafukuza kuku wa jirani. Jioni nilimnyonyesha mtoto kwa mkono mmoja huku wa pili, uliojaa chokaa, nikiuinua hewani usimguse. Siku sita. Tulipomaliza, mahindi yalikuwa ya manjano safi, yametakata, yana harufu ya nyumba mpya. Mama alichota kiganja akakipeleka mpaka kwa jirani yake, mwanamume mwenye bucha upande wa pili wa barabara, tunayemwita Bucha, akamwonyesha. "Mke mwana wangu anasoma," akamwambia. Aliniambia yule Bucha mwenyewe baadaye. Mama hakuniambia.

Nguruwe wakayakataa.

Bosi alinusa hori, akapuliza pua, akatupa kisogo. Vijana walitafuna kidogo wakatema. Ladha ya chokaa ilikuwa imebaki, na nguruwe anayesemwa kuwa hula hata viatu kumbe ana mdomo wa kuchagua kuliko bwana harusi. Tukasuuza tena. Wakakataa tena. Siku mbili Bosi alikunywa maji tu, na tumbo lake lile zito likining'inia, nami niliona mama anaingia bandani kila saa na kutoka akiwa amekunja uso. Alisema yeye mwenyewe amebeba mimba tano, anaijua njaa ya mimba, inakula mifupa.

Siku ya tatu alichukua madumu mawili akaenda kiwanda cha maziwa mwisho wa barabara. Pale hutengeneza jibini, na maji yanayobaki humwagwa mtaroni, maji ya kijani kijani, machachu kiasi cha kukunja mdomo. Mlinzi humruhusu anayetaka achote. Mama alirudi na madumu yamemvuta mabega, akamimina maji yale juu ya mahindi, akakoroga, akarudi nyuma hatua moja.

Bosi alinyanyua pua. Alikuja polepole, akatia mdomo, kisha akala. Alikula mpaka akalamba sementi ya hori. Vijana walisukumana wakala mpaka masikioni.

"Mama," nikasema, "kumbe Mwalimu ni wewe."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimwambia maneno hayo kwa mdomo wangu, na tangu siku hiyo, kila asubuhi, mimi ndiye niliyekwenda kiwandani na madumu, maana mgongo wake ulikuwa unamuuma.

Siku ya kumi na mbili tangu waanze kuyala, kijana mmoja aliacha kula. Tukasema ni joto. Siku ya kumi na tatu Bosi hakuamka kuja horini. Alilala ameegemea ukuta, pua imegusa sakafu, na pembeni mwake kinyesi kilikuwa cheusi kama lami, kimechanganyika na wekundu. Mama alipiga magoti, akamfunua jicho kwa kidole gumba. Palipotakiwa kuwa na weupe palikuwa na umanjano. Akafunua la pili. Kisha akakaa hapo hapo chini kwenye maji machafu, akaanza kumsugua tumbo, akisema naye kwa sauti ya mtu anayesema na mgonjwa wodini: amka Bosi, kazi zimesimama, wafanyakazi wako wamekaa bure.

Chini ya mkono wake tumbo lilitikisika. Watoto walikuwa bado wanacheza. Mama alinishika mkono akauweka pale, nikawahisi.

"Nenda kwa mwalimu wako," akasema. "Sasa hivi. Usisubiri saa ya darasa."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda nusu natembea nusu nakimbia. Miwani alikuwa peke yake darasani, anapanga chaki. Nikamweleza kila kitu kwa mfululizo: magunia, chokaa, pipa, siku sita. Akawa anatikisa kichwa kuniunga mkono. Nilipofika kwenye maji ya jibini aliacha kutikisa. Alivua miwani ya usoni, akavua na ya utosini, akaziweka zote mbili mezani.

"Niliandika ubaoni," akasema. "Hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

Lakini nilipokuwa nasema hivyo mkono ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Nilifungua ukurasa ule kwa mara ya kwanza tangu somo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mistari imenyooka. Loweka, pasha moto, suuza, anika. Chini yake niliandika neno moja: Lakini. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe.

Nikakumbuka. Jioni ile ya somo simu ilitetemeka mapajani. Alikuwa mama, kwa simu ya Bucha: mtoto amekataa kikombe, analia mpaka anakauka, njoo. Blauzi yangu ilikuwa imeshalowa maziwa kabla hajamaliza kusema. Nikatoka kwa kuinama ili nisimkatize mwalimu, zikiwa zimebaki dakika ishirini. Usiku ule nilinyonyesha nikalala, na asubuhi nikajiona nimesoma.

Mwenzangu wa dawati ni fundi cherehani, mwanamke mpole anayeandika kila neno hata mwalimu akikohoa. Aliingia wakati ule, amewahi darasa kama kawaida yake, akanikuta nalia, akafungua daftari lake bila kuuliza, akaniwekea mbele. Nilinakili kwenye karatasi, kwa herufi kubwa:

Lakini chokaa haiui sumukuvu, inaifunga tu. Kitu chochote kichachu kinaifungua tena.

Hata tumbo lina uchachu, kwa hiyo mwenye mimba asipewe, wala mdogo, hata kidogo.

Mnyama akikataa, usimbembeleze.

Miwani alisema tusimamishe chakula hicho dakika hii. Tuwape majani mabichi, maji safi, na nafaka isiyo na kuvu kama ipo. Wale vijana, ikiwa maini yao hayajaharibika sana, wengine watapona. Nikamuuliza kuhusu Bosi. Akachukua miwani moja akaivaa.

"Rudi nyumbani, binti," akasema.

Nilimsikia Bosi kabla sijafika langoni. Haikuwa sauti ya nguruwe. Ilikuwa kama mlango mzito unaoburutwa sakafuni. Mama alikuwa nyuma yake, mikono mpaka kwenye viwiko imelowa, na yule Bucha alikuwa amesimama nje ya banda, ameshika fito za uzio. Bosi alikuwa anaharibu mimba. Walitoka mmoja baada ya mwingine, hawana nywele, urefu wa kiganja na nusu, kwato zao laini kama kucha za mtoto mchanga. Mama alimfuta kila mmoja pua na mdomo, kila mmoja, kana kwamba huyu ndiye atakayevuta pumzi, kisha akamlaza juu ya gunia. Aliwapanga wakitazama upande mmoja. Walikuwa kumi na mmoja.

Mwanangu alikuwa ameamka mgongoni, anachungulia juu ya bega langu. Nilimgeuza uso.

Bucha alianza kusema kwa upole, na nadhani alidhani anasaidia. Alisema nguruwe huyu hafiki kesho. Achinjwe sasa hivi angali anapumua, yeye atalifanya mwenyewe, angalau tuokoe kilo zake. Alisema nyama ikishatundikwa haina historia. Nikamwambia nyama hiyo ina sumu, na ini ndilo lenye sumu zaidi. Akaniambia yeye amekata nyama miaka ishirini na hajamwona aliyekufa kwa ini. Ndipo mama, bila kuinua kichwa, akamuuliza ana wajukuu wangapi.

"Wanne."

"Maini wanapenda?"

Bucha aliachia fito za uzio. Akasonya, lakini hakutusonya sisi. Akaenda zake, na nikadhani amekasirika. Alirudi na majembe mawili.

Bosi alikata roho kabla ya jua kuzama. Hakukuwa na kelele. Mama alikuwa ameweka kichwa chake mapajani, kichwa kikubwa kile, na sikio lililochanika likawa linatetemeka, kisha likaacha.

Tulipobaki wawili bandani, Bucha akichimba nyuma ya nyumba, mama alisema neno lililokuwa likimla tangu asubuhi.

"Ni mimi, mke mwana. Ni yale maji. Bucha kaniambia maji ya jibini huwaharibu matumbo. Ulinipa chakula kizuri, mimi nikakiharibu kwa mkono wangu. Alikataa, nikamlazimisha."

Nilikuwa na karatasi ile kifuani, ndani ya nguo. Ingeweza kubaki humo. Mume wangu angerudi, angeambiwa mama aliwapa nguruwe maji machachu. Wifi angeambiwa hivyo hivyo, angekuja na gari kumchukua, akimwambia njiani kwamba umri umefika, mtu husahau, mtu huchanganya. Na mimi ningebaki msomi wa nyumba. Nitasema ukweli: nililiona lote hilo kwa mara moja, kama unavyoona chumba umeme unapowaka, na kwa muda mfupi lilinipendeza.

"Si wewe, mama," nikasema. "Mwalimu alisema. Alisema kitu kichachu kinaifungua ile sumu. Alisema mwenye mimba asipewe kabisa. Mimi sikuandika. Nilitoka darasani kabla ya mwisho, nikakwambia nina hakika."

Akanigeukia. Nilisubiri anipige, na ningeshukuru.

"Ulitoka kwa nini?"

Nikamkaza mtoto mgongoni. Sikutaka jibu hilo litoke kwangu. Lakini mama si mtu wa kufichwa kitu; niliona anahesabu siku kichwani, midomo inacheza, mpaka akafika.

"Ni siku niliyokupigia," akasema. "Mtoto alipokataa kikombe."

"Ningeweza kuuliza kesho yake, mama. Mwenzangu ana daftari. Sikuuliza."

"Nilikupigia mara mbili. Ya kwanza hukupokea, nikapiga tena."

Tukakaa. Mtoto alikuwa amelala tena, mate yake yamenilowesha shingo. Ningependa kusema tulikumbatiana, lakini tulikuwa tumelowa damu na chokaa na mambo mengine, na hatukukumbatiana. Mama alisimama kwa kushika ukuta, akauliza kitu kimoja tu: "Na wale sita?"

Tulimzika Bosi na wanawe katika shimo moja. Kisha tukalipanua shimo tukatoa stoo yote yaliyobaki ya yale kumi na mawili, tukayamimina. Wanawake wawili wa mtaani walikuja na ndoo, waliposikia mahindi yanatupwa. Walisema ni ya kuku tu. Walisema Mungu haoni vizuri chakula kikizikwa. Nikawaeleza, wakanisikiliza kwa adabu huku macho yao yakiwa shimoni, na nilipomaliza mmoja akasema, "Lakini yanang'aa." Mama hakubishana nao. Alichukua beleshi, akaleta kinyesi chote cha banda, kile cheusi, akakimwaga juu ya mahindi, akakanyaga na kuchanganya kwa miguu yake mpaka magotini, ili asiwepo mtu wa kurudi na ndoo baada ya sisi kulala. Wakaondoka wakishika pua. Mmoja alisema mama yule huzuni imempanda kichwani.

Wifi alipiga simu siku iliyofuata. Nilisikia upande wa mama tu. Ndiyo. Ndiyo, amekufa. Ndiyo, na watoto. Hapana. Kisha akasikiliza tu, na nikajua anaambiwa kuhusu chumba. "Chumba nakishukuru," mama akasema. "Lakini hawa sita ni wagonjwa, na siachi wagonjwa. Mmoja akifa nitamzika. Akipona nitamlisha. Tukimaliza hilo ndipo uniulize tena." Akakata simu akanirudishia, maana ni yangu.

Mmoja alikufa kweli siku ya tatu, yule aliyeacha kula wa kwanza. Wakabaki watano, macho ya manjano, mbavu nje. Tuliwakatia majani ng'ambo ya mtaro, mama upande huu na mimi upande ule. Na yale magunia mawili yetu, mama aliyagawa bila kuniuliza: kopo moja la nyumba, makopo mawili ya banda. Tulikula uji jioni na asubuhi tukala uji uliobaki. Nilihofia maziwa yangu yatapungua. Yalipungua kidogo, si sana. Mama alianza kuacha bakuli lake likiwa na nusu na kusema ameshiba, nami nikajifanya naamini.

Alhamisi nilimwambia siendi darasani. Aliniuliza kama nimeugua. Nikasema sina uso wa kwenda. Akasema uso nilionao unatosha, haujaombwa mwingine. Kisha akaniambia nilete ile karatasi.

Mama hajui kusoma. Halitaji jambo hilo na sisi hatulitaji; chumvi na sukari huzitambua kwa kuonja, na karatasi za hospitali humpa mume wangu. Siku hiyo alikaa kwenye kizingiti cha banda akaniambia nimsomee.

Nikamsomea mistari mitatu.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena. Mara ya tatu alianza kusema pamoja nami, nyuma kidogo, kama mtu anayejifunza sala. Mara ya tano alinizuia kwa mkono akajaribu peke yake.

"Chokaa haiui, inafunga. Kichachu kinafungua. Mwenye mimba asipewe."

"Wala mdogo."

"Wala mdogo, hata kidogo." Akatazama hori. Alijua mstari unaofuata. Niliuona umefika mdomoni na kukwama hapo. Hori lilikuwa mbele yetu, nimeshamimina makopo mawili ya mahindi mazuri na majani juu yake. Nguruwe wanne walikuwa wanakula polepole, kwa midomo ya wagonjwa. Wa tano alisimama mbali kidogo, kichwa chini, hasogei.

Mama aliinuka nusu, mkono umeshanyooka kuelekea kwake, na ulimi umeshapiga ile sauti ya kuwaita. Akaacha. Akakaa tena.

"Mnyama akikataa, usimbembeleze," akasema. Akanipokonya mtoto, akampakata. "Haya nenda, utachelewa. Na simu iache hapa."

Nikamuuliza mtoto akilia je.

"Atalia," akasema.

Nilichukua mkoba. Nilipofika langoni niligeuka. Mama alikuwa pale pale kwenye kizingiti, mtoto mapajani anavuta kucha za mikono yake iliyopasuka, na wote wawili walikuwa wanamtazama yule wa tano. Alikuwa amesogea hatua moja. Huenda alikuwa anafuata kivuli tu. Mama hakumwita.